Bangsu: Kuzuia Maji au Kuachia Maji

Mapema mwaka 2009, wakaguzi wa njia mpya ya treni ya mwendokasi kati ya Daegu na Busan, kusini mashariki mwa Korea Kusini, walikuta mataruma yana nyufa. Haya hayakuwa mataruma ya mbao, wala ya chuma kama yale ya reli zetu za zamani. Yalikuwa ya zege, na reli hufungwa juu yake kwa bolti zinazozama katika matundu yaliyoachwa tangu zege linamiminwa. Njia yenyewe haina kokoto. Mataruma yameshikwa na bamba refu la zege, kwa hiyo taruma likiharibika huwezi kulichomoa na kupachika jingine jioni hiyo hiyo. Kati ya mataruma zaidi ya 150,000 ya sehemu hiyo, yaliyopasuka yalipita 300, na abiria wa kwanza alikuwa bado hajakata tiketi.

Chanzo kilipotafutwa kilikuwa cha kuaibisha. Ndani ya matundu ya bolti palitakiwa kujazwa kitu kisichopitisha maji, mfano wa grisi nzito. Badala yake palikuwa na kitu chenye kunyonya maji, mfano wa sifongo. Mvua ilinyesha, sifongo ikanywa ikashiba. Baridi ilipoingia, maji yakaganda humo humo ndani. Maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9, na zege, pamoja na ubabe wake wote, halivumilii kusukumwa kutoka ndani.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Simulizi lililoenea Korea, na linalopendwa hasa na wale wanaotaka herufi za Kichina zirudishwe shuleni, linasema kwamba maelekezo ya kazi yalikuwa na neno “bangsu”. Bangsu ni maneno mawili yanayotamkwa sawa. La kwanza ni kuzuia maji yasipenye. Hiyo ndiyo bangsu ya koti la mvua, ya saa ya mkononi, ya simu isiyokufa ikidumbukia ndooni. La pili ni kuachia maji yatoke. Hiyo ni bangsu ya bwawa linapofunguliwa milango, na ya zimamoto anapoelekeza mpira kwenye nyumba inayowaka. Aliyeandika alikusudia la kwanza, fundi akaelewa la pili. Ndivyo simulizi linavyokwenda.

Ukiyaandika maneno hayo kwa hangul, alfabeti ya Wakorea, hayatofautiani hata kwa nukta. Ukiyaandika kwa hanja, yaani herufi za Kichina zilizotumika Korea kwa karne nyingi, “su” ni ile ile ya maji, lakini “bang” zinakuwa mbili zenye sura mbili: moja ni kukinga, ya pili ni kuachia. Mtu wa Beijing hapati tabu hata bila kalamu, kwa sababu Kichina ni lugha ya toni. Akisema “fang” ya kukinga sauti yake inapanda, akisema “fang” ya kuachia inashuka. Wakorea waliyachukua maneno, toni wakaziacha huko huko.

Na waliyachukua mengi. Zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi kuu ya Kikorea yana asili ya Kichina: ya sheria, ya tiba, ya uhandisi, ya dini, ya serikali, karibu yote yanayovaa suti. Sauti zilipopungua, maneno yakabanana katika silabi chache. “Sudo” ni mji mkuu, na ni mabomba ya maji pia. “Jeongi” ni umeme, ni kitabu cha maisha ya mtu, na ni kipindi cha mwanzo. “Sagi” ni utapeli, ni ari ya askari, ni vyombo vya kaure. “Uisa” ni daktari, na ni shujaa aliyejitoa mhanga kwa ajili ya nchi. Ndiyo maana upo utani wa siku nyingi kuhusu wanafunzi wanaouliza An Jung-geun alikuwa daktari wa hospitali gani. An Jung-geun ndiye aliyempiga risasi Itō Hirobumi, mwanasiasa mkubwa wa Japani, katika kituo cha treni cha Harbin tarehe 26 Oktoba 1909. Vitabu humwita “uisa”, na hakuwahi kumtibu mtu.

Sisi tuna haki ya kucheka kidogo tu. Kiswahili kiliyaazima maneno ya Kiarabu, kikayaandika karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, kisha kikahamia herufi za Kilatini. Katika safari hiyo sauti ya ain iliyokuwa kooni ilipotea, na leo “ila” ya kusema isipokuwa na “ila” ya kusema kasoro zinaandikwa sawa, wakati Mwarabu anaziona ni maneno mawili yasiyojuana. Hatujapata ajali kwa sababu ya ila. Sababu yake nitaifikia, maana ndiyo kiini cha jambo hili.

Hangul haikutokea kwa bahati. Mfalme Sejong aliikamilisha mwaka 1443 na kuitangaza 1446, kwa nia iliyo wazi kwamba mtu wa kawaida, asiye na miaka ya kukaa chuoni akikariri maelfu ya herufi, aweze kusoma na kuandika lugha yake. Wasomi wa jumba la mfalme waliipinga, na kwa karne kadhaa maandishi makubwa ya serikali yaliendelea kwa Kichina. Baadaye ukaja mwandiko mchanganyiko: maneno ya asili ya Kichina kwa hanja, mengine kwa hangul. Mwaka 1948 jamhuri changa ilipitisha sheria ya nyaraka za serikali kuandikwa kwa hangul. Mwaka 1970 serikali ya Park Chung-hee iliziondoa herufi za Kichina katika vitabu vya shule, na 1972 ikatoka orodha ya herufi 1,800 za kufundishwa sekondari kama somo la pembeni. Gazeti la Hankyoreh lilipoanzishwa mwaka 1988 lilitoka kwa hangul tupu, na mengine yakafuata polepole. Leo hanja zimebaki moja moja kwenye vichwa vya habari, mathalani ile ya kaskazini ikimaanisha Korea Kaskazini. Kaskazini kwenyewe walizitupa mapema zaidi, na badala ya maneno mengi ya Kichina wakatunga ya asili.

Kwa hiyo kizazi kilichozaliwa baada ya hapo kinasoma haraka, kinaandika haraka, lakini hakioni tena kile ambacho babu alikiona: kwamba nyuma ya “bang” moja kuna watu wawili waliosimama.

Sasa, je, hilo ndilo lililopasua mataruma? Mimi nina mashaka na simulizi lenyewe, si kwa sababu haliwezekani bali kwa sababu ni tamu mno. Katika kusimuliwa limekua. Wapo wanaolieleza kana kwamba mataruma yote yalipasuka, na wapo wanaolieleza kana kwamba fundi mmoja, kwa kutojua herufi moja ya Kichina, aliiangusha njia nzima ya reli. Lakini sifongo haikufika pale yenyewe. Kuna aliyeiagiza, kuna aliyeileta, kuna aliyeipokea ghalani, kuna aliyeijaza tunduni, na kuna aliyepita na karatasi ya ukaguzi akatia saini. Neno linaweza kumpotosha mtu mmoja. Kuwapotosha wote hao kunahitaji msaada wa uvivu, haraka ya kumaliza kazi na bei nafuu.

Hata hivyo sitalitupa simulizi, maana lina jambo ambalo wanaolipenda hawalioni. Wanasema tatizo ni kwamba maneno yanafanana. La. Kikorea kina maelfu ya maneno yanayofanana na watu wanaishi, wanaoana, wanashtakiana na kujengeana nyumba bila matatizo. Ukisema “sudo” imepasuka, hakuna anayedhani ni mji mkuu. Ukisema umekwenda kwa “uisa” kwa sababu ya homa, hakuna anayedhani umetembelea kaburi la shujaa. Mahali panachuja maana. Tazama moto. “Banghwa” ni kukinga moto, na “banghwa” ni kuchoma kitu kwa makusudi. Hizo ni “bang” zile zile mbili za mataruma, safari hii zimeshika moto badala ya maji. Usiku wa tarehe 10 Februari 2008 mtu mmoja mwenye kinyongo juu ya fidia ya ardhi yake alilitia moto lango la Sungnyemun, lango kuu la kusini la Seoul ya kale, ambalo lilikuwa Hazina ya Taifa namba 1. Paa lake la mbao likateketea huku nchi nzima ikitazama kwenye televisheni. Kwa mapokeo ya mji, kibao cha jina la lango hilo kiliandikwa kwa kusimama, tofauti na vibao vya malango mengine, ili kuuzuia moto uliodhaniwa kutoka mlima Gwanak ulio kusini. Lango lenye kibao cha banghwa likachomwa na mtu wa banghwa. Kibao kiliokolewa, na lango likajengwa upya na kufunguliwa mwezi Mei 2013. Siku za moto ule vyombo vya habari vilisema “banghwa” tangu asubuhi hadi usiku, na hakuna msikilizaji aliyeuliza ni ipi. Moshi ulikuwa umeshajibu.

Kwa kawaida lugha yenyewe huongeza kiungo cha kusaidia. Vazi la banghwa ni la zimamoto, mlango wa banghwa ni wa kuzuia moto usipite, mhalifu wa banghwa ni mchomaji. Ingawa hata viungo huishiwa nguvu. “Bangsupo” ni turubai lisilopenyeza maji, na “bangsupo” ni mzinga wa kurusha maji uliofungwa juu ya gari la zimamoto. Agiza vitu kumi vya jina hilo kwa karatasi isiyo na maelezo, uone kitakachoshushwa.

Hatari iko pale ambapo maana zote mbili zinafaa mahali pale pale. Ndiyo maana “ila” yetu haijamdhuru mtu: isipokuwa na kasoro hazikai kiti kimoja katika sentensi. Lakini tundu la bolti katika taruma linazipokea bangsu zote mbili bila kulalamika. Mhandisi wa reli anahangaika maisha yake yote na maji, tena kwa njia mbili: yasiingie, na yakiingia yatoke. Mifereji, miteremko na mabomba ya kutolea maji ni nusu ya kazi yake. Fundi aliyesoma kuachia maji hakuwa amesoma upuuzi. Alikuwa amesoma kitu ambacho reli huhitaji kila siku, ila si katika tundu lile. Kosa lililovaa nguo za kazini hupita getini bila kuulizwa kitambulisho.

Michezo inaonyesha jambo hilo bila kumwaga damu. “Yeonpae” ni kushindwa mara mfululizo. Na “yeonpae”, kwa “pae” nyingine yenye maana ya utawala, ni kutwaa ubingwa mara mfululizo. Mwaka 2020 timu ya besiboli ya Hanwha Eagles ilipoteza mechi 18 mfululizo, ikafikia rekodi ya aibu iliyowekwa na Sammi Superstars mwaka 1985. Hiyo ni yeonpae 18. Mwaka 2024 mjini Paris wapiga mishale wanawake wa Korea walitwaa dhahabu ya timu kwa Olimpiki ya kumi mfululizo, mlolongo ulioanzia Seoul 1988. Hiyo ni yeonpae 10. Msomaji anayejua michezo hapotei. Mgeni aliyepewa kichwa cha habari peke yake anaweza kuwapa pole mabingwa wa Olimpiki.

Katika siasa maana mbili zikikaa kiti kimoja, matokeo huwa ya haraka. Tarehe 1 Novemba 2021 Ahn Cheol-soo alitangaza kugombea urais. Lee Jun-seok, kiongozi wa chama pinzani kwake, alisema anamtakia “muun”. Neno hilo ni bahati ya vitani, salamu ya kiungwana kwa mtu anayekwenda kupambana. Mwandishi mmoja wa televisheni, akiwa hewani moja kwa moja, aliifasiri “mu” hiyo kuwa ile ya kukosa, akawaambia watazamaji kwamba Lee amemtakia mwenzake akose bahati. Kosa la kitoto, mtu anaweza kusema. Lakini angalia: kati ya wanasiasa wawili wasiopendana, lipi linaaminika upesi zaidi, dua au laana? Sikio lilichagua maana iliyolingana na inachokitarajia.

Na wateja wenye hasira hutarajia dharau. Mwezi Agosti 2022 mkahawa mmoja wa Seoul ulivuruga uandikishaji wa watu waliotaka kuonana na msanii wa katuni na kutiliwa saini. Ukatoa tangazo la “simsimhan sagwa”. Hilo “simsim” la adabu linatokana na Kichina na maana yake ni zito, la kina, yaani msamaha wa dhati. Lakini Kikorea kina “simsim” nyingine ya asili, isiyo ya Kichina hata kidogo, ambayo ni kuchoshwa kwa kukosa la kufanya. Wapo vijana waliosoma hiyo ya pili. Wakajibu kwa ghadhabu kwamba wao hawajachoshwa hata kidogo, na mkahawa unawezaje kuomba radhi kwa uchovu namna hiyo. Zogo likapanda hadi kwenye magazeti, na kutoka hapo hadi kwa rais, aliyetaka elimu ya usomaji iimarishwe. Wazee wakawalaumu vijana kwa ujinga, vijana wakawalaumu wazee kwa kujificha nyuma ya maneno makavu. Ukitaka kuchekesha zaidi, “sagwa” pia ni tufaa, na simsim ya asili hutumika kwa chakula kilichopooza. Mtu mwenye njaa angeweza kusoma kwamba ameahidiwa tufaa lisilo na ladha.

Kesi ya mkahawa haikupasua kitu, lakini kwa mtazamo wangu ndiyo iliyo karibu zaidi na mataruma. Mwandishi alichagua neno la heshima lililozoeleka katika barua za ofisi bila kujiuliza atakayelisoma ni nani, na msomaji alichagua maana iliyo karibu na moyo wake bila kuuliza. Kila mmoja alifanya nusu ya kosa. Tunayo methali, asiyejua maana haambiwi maana. Wakorea wale hawakuwa wasiojua maana. Walikuwa nayo moja mkononi, wakadhani ni hiyo tu.

Watetezi wa hanja waliipeleka hoja yao hadi Mahakama ya Katiba, wakidai sheria ya lugha ya mwaka 2005 inayotaka nyaraka za umma ziandikwe kwa hangul inawanyima haki. Tarehe 24 Novemba 2016 majaji wote kwa kauli moja waliikataa hoja hiyo. Nadhani waliamua sawasawa. Kumrudisha kila mtoto kwenye kukariri maelfu ya herufi ili fundi mmoja asikosee tundu la bolti ni kumuua chawa kwa kuchoma nyumba. Tena sheria ile ile ina dawa yake ndani. Inaruhusu herufi za Kichina ziandikwe kwenye mabano pale maana inapohitaji kuelezwa kwa usahihi. Mabano mawili na herufi mbili zingetosha. Na hata hizo zisingehitajika kama mwandishi angetumia Kikorea chake cha asili, chenye maneno ya kuzuia maji na ya kutoa maji yasiyofanana hata kidogo. Tatizo ni kwamba maneno ya nyumbani huonekana hayana hadhi ya kuingia kwenye mchoro wa mhandisi, ugonjwa ambao hauko Korea peke yake.

Kwa hiyo wewe unayeandika maelekezo ya kazi, iwe ya ujenzi, ya dawa au ya mkataba, usimwachie msomaji neno tupu ambalo linaweza kukaa mahali pale kwa maana mbili. Andika sentensi nzima: maji yasiingie humu. Na wewe unayeyapokea, ukikuta neno unalolijua vizuri mno, mpigie simu aliyeliandika kabla hujaagiza vifaa.